Habari Zimefika Kamati

Mtu wa kwanza niliyemshuku nikiwa Durban alikuwa amekufa zaidi ya miaka mia mbili iliyopita. Alikuwa na nyumba ya wageni katika mji mdogo wa koloni la Waingereza, upande ule wa dunia ambao baadaye uliitwa Marekani, na alikuwa katibu wa kamati ya wazalendo wa mji huo. Mimi sikumchagua. Nilitoka Morogoro, nilikofundisha historia sekondari kwa miaka tisa, nikaja kusoma shahada ya uzamili nikiwa na pendekezo langu la kuandika juu ya Vita vya Maji Maji. Profesa wangu, Mkenya aliyezeekea Durban, alilisoma lote nikiwa nimekaa mbele yake, kisha akanirudishia.

"Maji Maji utaandika ukirudi kwenu. Nyaraka ziko huko, wewe uko huku," alisema. "Hapa nina daftari zima la mikutano ya wazalendo wa Marekani, limepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Nenda ukatuambie hawa watu walikuwaje siku za kazi."

"Siku za kazi, Prof?"

"Siku ambazo hawakupiga bunduki. Ndizo zilizokuwa nyingi."

Nikaanza kusoma kwa kinyongo. Wakazi wa mji ule waliunda kamati yao walipogombana na mfalme juu ya kodi na chai. Kamati ilikuwa na kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kuandikiana barua na kamati za miji mingine, ili jambo likitokea huku lijulikane na kule. Ya pili ilikuwa kuangalia kwamba hakuna mtu mjini anayeuza wala kutumia bidhaa zilizosusiwa. Mwenye nyumba ya wageni ndiye aliyeshika kalamu. Mikutano ilikaa sebuleni kwake, wapeleka barua walilala kwake, na farasi wao walikula majani yake. Vita vilipoanza alitoa farasi wake mwenyewe kwa wanamgambo, wala hakuandika neno la kujisifu. Aliandika "farasi mmoja, wa kahawia," na chini yake akatia sahihi. Kwa sahihi ile, watu wa mfalme wangeweza kumnyonga. Kufikia mwezi wa tatu nilikuwa nimeanza kumpenda.

Kisha nikafika kwenye ukurasa wa mjane.

Mjane huyo alikuwa na kinu cha kusaga nafaka kando ya mto. Kamati ilisema anauza chai kwa siri. Ikaamua kwamba mtu yeyote asimpelekee nafaka, asinunue kwake na asimsalimie, mpaka asimame mbele ya watu akiri. Hukumu kama hizo zilikuwa nyingi mle ndani, lakini katika nyingine zote katibu aliandika nani kaleta taarifa: fulani, mhunzi, kamwona fulani akifanya jambo fulani. Kwa mjane hakutaja mtu. Aliandika tu kwamba habari zimefika kamati. Nikapekua rejista ya ardhi ya mji ule, nayo ilikuwa imepigwa picha, nikakuta kwamba baada ya miaka miwili kinu kilikuwa mali ya shemeji yake katibu.

Nilimpelekea profesa ugunduzi wangu nikitembea haraka haraka. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Shaka si ushahidi," akasema. "Shemeji ya mtu anaweza kununua kinu."

"Lakini Prof, kwa nini kwa huyu mmoja tu afiche jina?"

"Sijui. Na wewe hujui. Rudi ukasome."

Wakati huo nilikuwa nikiishi mtaa wa Point, kwenye jengo la zamani la ghorofa tano karibu na bandari, ambamo chumba kimoja kilikatwa kwa mbao kikawa viwili. Usingeweza kukohoa usipewe pole na jirani. Wengi tulikuwa Wakongo na Watanzania, na Wakenya wachache. Mlangoni chini palikuwa na mama wa Lindi aliyekaanga vitumbua kila asubuhi, na mimi nilikuwa mteja wake wa kila siku. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma bandarini. Waliishi ghorofa ya tatu. Mke alikuwa mcheshi, lakini mume alikuwa mtu mgumu. Ukimwambia "Habari za kazi, kaka," alijibu "Mwalimu," akapita, kama vile kunitambua ilikuwa salamu tosha.

Asubuhi moja ya mwezi wa tano walikuja maofisa wa uhamiaji. Hawakugonga mlango hata mmoja wa ghorofa ya kwanza. Walipanda moja kwa moja hadi ya pili, wakaenda mpaka mwisho wa korido, wakamchukua kinyozi mmoja wa Bukavu. Baada ya wiki mbili walirudi, safari hii ghorofa ya nne, wakamchukua mtu na mkewe kutoka Kigoma. Walipita milango tisa bila kuitazama. Tangu siku hiyo watu wakaanza kusema kwa sauti ya chini kwenye ngazi. Mimi kibali changu cha mwanafunzi kilikuwa hai, lakini hata mimi nilianza kuangalia nani yuko nyuma yangu ninapofungua mlango.

Kamati ya kumtafuta anayewaita maofisa iliundwa Jumapili alasiri, sebuleni kwa mama mmoja wa jengoni, Mkongo mwenye saluni katikati ya mji. Ndiye aliyetuita, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa mwanamke wa heshima zake. Mtu akifiwa jengoni, yeye ndiye aliyepika. Alinionyesha kwa kidole.

"Mwalimu, wewe unajua kuandika. Utakuwa secrétaire yetu."

Nikafungua daftari. Watu walisema hili na lile kwa muda, mpaka mwenyekiti akaweka kikombe chake chini.

"Tusizunguke. Ile fundi ya ghorofa ya tatu iko na kidaftari. Kila mara anaandika. Anaandika nini? Na mimi nimemuona na polisi pale ku robot, ku taa za barabara, wanasalimiana kama bandugu."

Mkenya mmoja, mwanafunzi wa uhandisi, akasema amemsikia fundi kwenye simu akitaja namba za milango kwa Kizulu. Mimi nami nilikuwa na langu. Siku moja nilimkuta amesimama kwenye ngazi akiandika, na aliponiona alikifunga kidaftari akakitia mfukoni. Nikalisema. Sikuombwa na mtu, nililisema mwenyewe.

"Voilà," mwenyekiti akasema. "Andika."

"Niandike taarifa imeletwa na nani?"

"Andika kamati imepata habari. Unataka kuweka jina ya mtu, kesho naye bamuchukue?"

Ilikuwa sababu nzuri. Nakumbuka nilifikiri hapohapo kwamba huenda yule mwenye nyumba ya wageni naye alikuwa na sababu nzuri, kwamba alikuwa akimlinda mtu, na nikaona nimemwonea bure. Nikaandika: habari zimefika kamati. Tukakubaliana kwamba mtu asizungumze na fundi wala mkewe, asiwape namba wala habari ya mtu yeyote, na asinunue kwao, mpaka wahame wenyewe.

Kesho yake nilitokea mlango wa nyuma, kwenye mapipa ya taka, ili nisipite mbele ya karai la vitumbua. Nilifanya hivyo siku ya pili na ya tatu. Nilijiambia ni mpaka mambo yatulie. Kutoka kwenye dirisha la ngazi niliweza kumwona yule mama amekaa na ndoo ya unga aliouumua, akingoja. Mwanzoni alikuwa akisalimia kila anayepita, baadaye akaacha. Mumewe hakusema kitu kwa yeyote, nasi tukaona kwamba ukimya wake ni dalili ya hatia. Angekuwa msafi, tuliambizana, angeuliza.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, maofisa walikuja tena. Nilikuwa nashuka ngazi, nimechelewa maktaba, sikuwa na muda wa kuzunguka nyuma. Walikuwa watatu, na hawakupanda popote. Walisimama kwa mama wa vitumbua wakamtaka karatasi. Alisema bado inafanyiwa kazi, na stakabadhi yake iko ndani. Hawakumruhusu apande kuichukua. Mmoja alilisukuma karai kwa mguu ili kufungua njia, mafuta yakamwagika sakafuni. Aliomba anawe mikono, hilo nalo wakamnyima, akaenda na unga mpaka kwenye vifundo vya mikono. Alipofika mlango wa gari aligeuka, akaniona.

"Mwalimu, mwambie mume wangu. Stakabadhi iko kabatini."

Sikumjibu. Gari lilipoondoka nilipanda mbio hadi kwa mwenyekiti, ambaye alikuwa bado hajaenda saluni. Nilimweleza yote. Alifikiri kidogo, akafunga kilemba chake vizuri.

"Ni théâtre ile," akasema. "Banamubeba hapa ku mulango tuone, halafu banamushusha ku kona. Banajua tumeanza kubashuku. Usipige simu, mwalimu."

Nilirudi chumbani nikakaa kitandani. Namba ya fundi nilikuwa nayo, kwa sababu kama katibu niliandika namba za wapangaji wote. Niliitoa kwenye simu nikaitazama. Nikafikiri, ikiwa ni mchezo, nikimpigia atajua nimeingia mtegoni. Kisha nikaikumbuka ile mikono yenye unga. Kisha nikafikiri kwamba mtu anayeigiza vizuri hata unga ataupaka. Nilikaa hivyo saa nzima. Sikwenda maktaba. Mchana nilipika, nikala. Naandika hili kwa sababu ni kweli: nilikula vizuri tu.

Fundi alirudi saa kumi na moja jioni. Nilimsikia chini akiuliza, kwa sauti ya kawaida kwanza, "Mke wangu yuko wapi?" Tulikuwa watu watatu kwenye ngazi. Mmoja akatazama simu yake. Mwingine akaingia ndani akafunga. Mafuta yalikuwa yameganda sakafuni na mtu alikuwa amekwishayakanyaga akayasambaza. Fundi aliyatazama, kisha akanitazama mimi.

"Wamemchukua uhamiaji," nikasema.

"Saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi."

"Na wewe ulikuwepo."

"Nilikuwepo. Kasema stakabadhi iko kabatini."

"Namba yangu unayo?"

"Ninayo."

Alitoa kile kidaftari mfukoni, palepale kwenye ngazi, akafungua ukurasa akaanza kupiga simu. Alizungumza Kizulu, kwa adabu, na kila aliyempigia alimwita kaka au mama. Simu ya tatu ikampata mkewe. Alikuwa kituo kimoja cha polisi mjini, na fundi akaambiwa karatasi ziletwe asubuhi.

"Nitakwenda na wewe," nikamwambia. "Nina kibali, na Kiingereza changu kizuri."

"Unakuja kuandika?" akauliza, na akapanda zake.

Asubuhi nilimngoja mlangoni. Hakunikaribisha wala hakunifukuza. Tulitembea hadi kituoni, yeye mbele, mimi nyuma, na tulipofika tuliambiwa tukae kwenye benchi. Tulikaa muda mrefu. Mwishowe alikitoa kidaftari akakiweka mapajani mwangu.

"Soma. Si ndicho mlichokuwa mnakitaka?"

Kilikuwa kimejaa mwandiko mdogo wa herufi kubwa. Kila ukurasa ulikuwa na siku, namba ya mlango, kituo alikopelekwa mtu, na namba ya simu ya ndugu yake. Kinyozi wa Bukavu alikuwemo, na namba ya mkewe aliyekuwa Johannesburg. Wale wa Kigoma walikuwemo. Walikuwemo watu wa majengo mengine ambao sikuwajua. Yule polisi wa kwenye robot alikuwa ndugu wa mtu aliyefanya kazi naye bandarini, na ndiye aliyemsaidia kujua nani kapelekwa wapi. Namba za milango alizitaja kwenye simu kwa sababu mara nyingi hakuyajua majina ya waliochukuliwa. Mkewe kwa Kiswahili, yeye kwa Kizulu chake kidogo, waliwapigia simu ndugu wa watu hao wote.

"Mbona ulikifunga uliponiona?" nikamuuliza.

Alinitazama kama vile swali langu lilikuwa la mtoto.

"Humu mna namba za watu. Wewe unasoma chuo, una karatasi, huna hofu na mtu, kila siku unapanda na kushuka na daftari mkononi. Mimi nitajuaje unamwandikia nani?"

Haikuwahi kunipitia akilini kwamba wakati namshuku, yeye alikuwa ananishuku mimi, na kwa hoja zilezile.

Saa sita mchana walituita. Nilieleza kwa Kiingereza stakabadhi ilikuwa ya nini, nikaonyesha tarehe, ofisa akaisoma mara mbili akapiga simu mahali. Baada ya nusu saa mama wa Lindi akatoka. Unga ulikuwa umekaukia mikononi ukipukutika. Alimsalimia mumewe, kisha akanitazama, na alipoona mimi ndiye niliyesimama na faili alielewa kwamba ujumbe wake ulifika, ila ulichelewa. Njiani aliuliza swali moja tu.

"Karai wameliacha?"

"Lipo," mumewe akasema. "Nimelisafisha."

Jumapili iliyofuata nilikwenda kwenye kamati. Nilieleza nilichokiona ndani ya kidaftari, nikaomba iandikwe kwamba tulikosea. Mkenya wa uhandisi aliinamisha kichwa. Mwenyekiti alinisikiliza kwa upole.

"Bon. Umeona namba," akasema. "Lakini mwalimu, mtu anaweza kuita polisi asubuhi, mchana akasaidia kutafuta. Anapata sifa mbili. Umehakikisha haiko hivyo?"

"Mkewe walimchukua."

"Na wamemuachia. Siku moja. Kinyozi yetu amerudi?"

Hakuwa amerudi. Hakuna hoja yangu ambayo angeshindwa kuigeuza, na kibaya zaidi, kila alipoigeuza nilihisi akili yangu ikimfuata. Ndipo na mimi nikageuka nikamtazama yeye. Katika chumba cha kinyozi sasa alikaa mpwa wa mwenyekiti. Katika chumba cha wale wa Kigoma walikaa wasichana wawili wa saluni yake. Nililijua hilo siku zote na sikuliona. Nilifungua mdomo nikataka kuuliza mbele ya watu, kisha nikakumbuka kwamba msibani kwa jirani wa ghorofa ya tano, mama huyu alipika siku tatu bila kulala. Nilikuwa na nini mkononi? Vyumba viwili na mpwa, kama kule kwenye daftari nilivyokuwa na kinu na shemeji.

Sikuuliza. Niliandika ukurasa mmoja kwa mkono wangu: kwamba kamati haikuwa na habari zozote, kwamba katibu alimwandika mtu bila kujua neno lilitoka wapi, na kwamba sehemu ya neno hilo ilitoka kwake mwenyewe katibu. Nikatia jina langu lote, nikaubandika chini mlangoni. Siku ya pili haukuwepo. Nilibandika mwingine, nao ukachanwa. Nikajitoa.

Mama wa vitumbua alirudi mahali pake. Asubuhi ya kwanza nilisimama mbele yake nikamwambia samahani, na nikaanza maelezo. Alinikatiza kwa kunifungia vitumbua vitatu kwenye karatasi, kama zamani, akageukia mteja aliyekuwa nyuma yangu. Nilikuja kila siku kwa miezi miwili. Alinihudumia kila siku. Hakuniita tena mwalimu, wala jina lolote. Kisha wakahamia mtaa wa Umbilo, na habari hiyo niliipata kwa watu.

Tasnifu yangu niliiandika upya kuanzia sura ya tatu. Farasi wa kahawia nilimwacha abaki ndani. Niliwabakiza pia wapeleka barua waliolala pale, na ile sahihi ambayo ingeweza kumnyongesha mtu. Halafu nikampa mjane kurasa zake. Niliandika kwamba hatujui nani aliyemsema, kwamba kinu kilikwenda kwa shemeji, na kwamba mambo haya mawili yanaweza kuhusiana au yasihusiane. Nilitafuta kama mjane aliwahi kusimama mbele ya watu akakiri. Sikupata. Jina lake linaonekana mara moja tena, miaka mingi mbele, katika orodha ya waliozikwa mji wa jirani.

Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini aliniuliza moja kwa moja: katibu huyu alikuwa mzalendo wa kweli, au alikuwa tapeli aliyejificha nyuma ya uzalendo?

"Alikuwa mzalendo wa kweli," nikajibu. "Sina shaka hata kidogo. Bila watu kama yeye barua zisingefika, na nchi ile isingepatikana. Kuhusu mjane, ninamshuku, na sina ushahidi. Angekuwa tapeli ningelala usingizi."

Profesa wangu aliandika kitu kwenye karatasi yake. Baadaye, tukinywa chai, nilimuuliza aliandika nini. Akasema hakuandika kitu, alikuwa anajaribu kalamu. Sikumwamini.

Maofisa wa uhamiaji hawakurudi tena mwaka ule. Nani aliyekuwa akiwaita, mpaka leo sijui. Baadhi ya watu jengoni walisema ni kwa sababu fundi alihama, nao waliniangalia usoni waliposema hivyo. Mwenyekiti nilikutana naye mara moja mjini, nje ya saluni yake. Alinikumbatia kwa furaha, akauliza habari za nyumbani, akasema nywele zangu zimeharibika, nipite anitengeneze. Nikasema nitapita. Tulikuwa tumesimama kwenye kelele za taxi, kila mmoja akitabasamu, na niliona macho yake yakishuka kwenye mfuko wangu, ambamo kalamu na daftari vilikuwa vimechomoza.

Nilipopata kazi ya kufundisha upande mwingine wa mji nikafungasha vitu vyangu. Msimamizi mpya wa jengo, kijana mwenye adabu aliyeanza kazi mwezi uleule, alinisaidia kubeba sanduku hadi chini. Halafu akatoa fomu.

"Sista, niandikie unahamia wapi. Ni kwa ajili ya barua zako tu, zikija."

Alikuwa na uso mwema. Nilichukua kalamu, nikainama juu ya meza yake, na kwa mwandiko wangu mzuri wa kialimu nikamwandikia mtaa ambao sijawahi kukanyaga.